Uchambuzi wa kisa: kamera ilipogeuzwa kutoka kwa anayepigwa kwenda kwa wanaopiga

Nilichobadilisha kabla ya kuandika

Kisa hiki nakitumia kwenye mafunzo mafupi ya picha za habari hapa Mbeya, na wahusika wakubwa, yaani mpiga picha, mhariri wake na kaka wa marehemu, wameridhia kitumike ila majina yasiwepo. Mji siutaji, we chukulia ni mji wowote kati ya Mafinga na Tunduma kwenye barabara ya TANZAM. Mwaka siutaji, soko silitaji, na vitu kama nguo na bidhaa nimevigeuza kidogo. Mpiga picha nitamwita Jamaa. Kuhusu kijana aliyepigwa, kama aliiba kweli au hakuiba, sitaandika. Hilo ndilo swali la kwanza wanalouliza wanafunzi kila mara na nimeona nikishalijibu tu mjadala wote unakufa, kila mtu anajua amhurumie nani na hakuna anayefikiria tena kuhusu picha.

Hali ilivyokuwa

Jamaa ni korespondenti wa gazeti moja la Dar na anatuma pia vipande vya video kwa TV ya mtandaoni. Hana mshahara, analipwa kwa kilichotoka, stori isipotoka basi nauli na bando vyote ni juu yake. Kamera ni yake, mtumba, na lenzi ni moja tu, ile ya 18-55 inayokuja na kamera. Watu wanaipita haraka hii ya lenzi lakini ina maana kubwa, maana lenzi fupi inakulazimisha usogee, ukitaka fremu ijae inabidi uwe hatua chache kutoka kwa mtu, na kwenye fujo ukishakuwa hatua chache watu hawakuoni tena kama mwandishi, wanakuona mmoja wao au wanakuona adui, hakuna katikati.

Jambo la pili ni wizi wa pikipiki. Kipindi hicho bodaboda kadhaa walikuwa wameibiwa, na wengi wao wanaendesha kwa mkataba, anamletea tajiri hesabu kila siku mpaka deni liishe ndio pikipiki iwe yake. Ikiibiwa katikati ya mkataba tajiri hataki kusikia stori, kijana anabaki na deni na hana cha kulipia. Ongeza na ile kauli utakayoisikia kila kijiwe, kwamba mwizi ukimpeleka kituoni asubuhi jioni unakutana naye mtaani, wakati dhamana ni haki ya kisheria na siyo lazima iwe rushwa. Haya siyaandiki kumtetea mtu. Nayaandika kwa sababu picha haikuyabeba hata moja, na msomaji aliyeona picha peke yake aliona watu wakipiga mtu basi.

Mambo yalivyokwenda

Ilikuwa siku ya soko, asubuhi ya Juni, ukungu bado haujainuka. Jamaa alienda kwa ajili ya stori ya bei ya viazi, amepanda juu ya rundo la magunia ili apate picha ya lumbesa zikipakiwa. Akasikia honi. Honi za bodaboda zikipigwa kwa pamoja bila kukatika, huku kwetu kila mtu anajua ni moja kati ya mawili, wanamsindikiza mwenzao aliyefariki au kuna mwizi.

Kijana aliingia sokoni anakimbia, akaangukia kwenye uwazi uliopo kati ya magunia na mabanda ya mama ntilie, na pale pale wakamfikia. Jamaa akapiga picha kutoka alipokuwa, juu ya magunia, kamera inaangalia chini. Mwenyewe anasema hakuamua chochote, kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe kwa ajili ya viazi. Baada ya fremu za mwanzo akatoa simu akampigia askari anayemfahamu, siyo 112, kwa sababu alijua yule atapokea na atamwelewa kwa neno moja. Akaambiwa gari linakuja. Akarudi kupiga picha, bado yuko juu, bado anaangalia chini.

Kuna mama mmoja ntilie alijaribu. "Jamani wanangu mtaua, mpelekeni kituoni!" Akajibiwa, "Mama we pika."

Halafu mtu mmoja akachomoa mpira wa mafuta kwenye pikipiki akaanza kukinga petroli kwenye chupa ya maji. Hapo Jamaa akashuka. Hakushuka kwenda kuamulia, na hili analisema wazi, alishuka kwa sababu kutoka juu chupa ilikuwa haionekani. Akasimama mbele ya mwenye chupa na wale waliokuwa pembeni yake, akainua kamera usawa wa sura zao, na kwa kuwa kamera ilikuwa kwenye oto na ukungu ule, flashi ikachomoka yenyewe ikawaka.

Mpaka sekunde ile hakuna aliyekuwa na habari naye. Flashi ilipopiga, mmoja akashusha kioo cha helmeti, mwingine akavuta kola ya jaketi mpaka puani, mwenye chupa akageuka mgongo, na chupa ikaishia chini imelala inamwagika kwenye matope. Watu waliokuwa nyuma wakaanza kupungua mmoja mmoja. Dakika hizo hizo king'ora kikasikika kutoka upande wa lami. Sasa nini hasa kiliwarudisha nyuma? Jamaa anaamini ni kamera. Yule mama, nilipozungumza naye baadaye, anasema king'ora kilitangulia. Nimewasikiliza wote wawili na siwezi kuamua, na wewe usiamue kwa sababu tu hiyo ya kwanza ndiyo tunayoipenda sisi wapiga picha.

Kabla difenda haijafika walimkamata mkono. "Oya mwandishi, unatupiga picha ili iweje? Futa!" Akafuta, mbele ya macho yao, moja baada ya nyingine mpaka wakaridhika. Difenda ikafika, kijana akapakiwa, akapelekwa hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikafuata. Alifariki usiku wa siku ya pili yake.

Maamuzi, na kwa nini

Kufuta. Jamaa alijua kwamba picha ukiifuta kwenye memori kadi haiondoki papo hapo, inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo alichofanya ni kukubali kufuta na kutopiga picha nyingine yoyote kwa kadi ile. Akaitoa akaiweka kwenye soksi. Uamuzi mzuri kabisa na aliufanya akiwa anatetemeka.

Kurejesha. Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Yeye hana laptop, akaenda duka la kompyuta akamwachia fundi kadi aiendeshe kwenye programu ya kurejesha mafaili, na kwa kuwa kazi ile inachukua muda akaenda hospitali kufuatilia hali ya kijana. Aliporudi picha zilikuwa zimepatikana, akalipa, akaondoka na kadi na flashi diski yake ya mafaili. Kilichobaki kwenye kompyuta ya duka hakukiulizia.

Kuchapisha. Mhariri alikuwa na picha za aina tatu mezani. Zile za kutoka juu, kijana amejikunja chini. Zile chache za flashi, sura za watu ziko wazi na chupa ipo katikati. Na moja ya mwisho aliyopiga kwa simu baada ya watu kuondoka, mawe na kandambili moja. Ya kandambili akaitupa papo hapo, akasema hiyo inampa msomaji simanzi na haimwambii kitu, na mimi nakubaliana naye, picha za kiatu kimoja zimekuwa kama ada ya kila ajali na kila mauaji. Zile za juu akazikataa pia. Wakabaki wanabishana kwenye simu kuhusu zile za flashi.

"Dada, hawa wanajulikana kabisa, acha sura zionekane."

"Mdogo wangu, wanajulikana kwako. Hakuna aliyeshtakiwa. Na nikiziacha hizo sura leo, kesho ndugu wa huyo kijana watajikusanya waende nyumbani kwa nani?"

Ikatoka ya chupa, sura zimefifishwa, na kwenye kapshen mhariri akaondoa "wananchi wenye hasira kali" aliyokuwa ameandika Jamaa akaweka "kundi la watu". Kapshen ya hasira kali imezoeleka hata haisikiki tena, na inawatolea watu udhuru kabla hata hawajaulizwa. Akaongeza muda polisi walipopigiwa simu na muda walipofika, karibu dakika ishirini kati yake. Muda huo aliupata kwenye orodha ya simu zilizopigwa, siyo kwenye kamera, kwa sababu saa ya kamera ya Jamaa ilikuwa haijawahi kuwekwa sawa tangu ainunue, ilikuwa inaonyesha usiku.

Polisi. Wapelelezi wakataka kadi nzima. Mhariri akajibu waandike barua, na barua ilipokuja ofisi ya gazeti ndiyo iliyotoa nakala za zile fremu za flashi, kwa jina la ofisi. Zile za juu hazikutolewa.

Matokeo

Siku ile ile jioni, kabla hata gazeti halijachapwa, picha moja ya kutoka juu ilikuwa kwenye status za WhatsApp za nusu ya mji. Kwamba ni ya Jamaa hapakuwa na ubishi, video za simu zilikuwepo nyingi ila zote zilipigwa kutoka chini, hakuna mwingine aliyekuwa juu ya magunia. Baadaye ilijulikana kuwa msaidizi wa fundi alijinakilia.

Kaka yake kijana ni utingo wa malori. Alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpaka wakati mwenzake alipomwonyesha simu kama anavyomwonyesha habari nyingine yoyote ya siku. Sura haikuonekana kwenye picha ile, kijana alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili. Kaka alimtambua kwa sweta, sweta la shule la zamani ambalo pindo la chini lilirudiwa kufumwa nyumbani kwa uzi wa rangi nyingine. Kijana alikuwa bado hai muda huo, yuko wodini, na hakuna mtu wa familia aliyekuwa na taarifa.

Watu kadhaa walikamatwa, wengine wakaachiwa, na mengine yana njia zake za kisheria sitaingia huko.

Baada ya mazishi kaka alimtafuta Jamaa. Mwanzo wa mazungumzo ulikuwa mkali kama unavyotegemea, alitaka kujua picha ya mdogo wake ilitokaje mikononi mwake, na Jamaa akamweleza habari ya duka bila kuzunguka. Halafu kaka akasema hivi: "Ile ya mdogo wangu amelala sitaki kuiona tena maishani. Ila nasikia kuna nyingine, ya wale waliokuwa wanampiga. Hiyo naitaka."

Uchambuzi

Kauli hiyo ya kaka ina uzito kuliko nusu ya yale tunayofundisha darasani. Sisi tukiulizwa kwa nini tunapiga picha za ukatili tunajibu haraka, ili dunia ione, ili isirudiwe, ili haki itendeke. Sawa. Lakini ukifungua kadi zetu unakuta fremu kumi za mwili na moja ya waliofanya, tena hiyo moja imetoka kwa bahati. Mwili hauwezi kukuambia ni nani amempiga, kwa amri ya nani, na kwa kifaa gani. Mara nyingi picha ya mwili inamwonyesha tena aliyekwisha kudhalilishwa, na mdhalilishaji anabaki nje ya fremu salama.

Kwa ukanda huu mfano tunao wenyewe na hauhitaji kutafutwa mbali. Tarehe 2 Septemba 2012, kijiji cha Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi akiwa kazini. Zipo picha za baada ya tukio na kila aliyeziona anatamani asingeziona. Ila iliyobadilisha mazungumzo ya nchi ni ile ya kabla, askari wamemzunguka, silaha imeelekezwa kwake kwa karibu, unaona nani amesimama wapi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Sisemi picha ndiyo iliyomfunga, mahakama ina ushahidi wake na taratibu zake, nasema picha ile ilifanya iwe vigumu sana kuelezea tukio lile kana kwamba hapakuwa na mtu aliyelifanya. Ile ya baada haikuweza kufanya hivyo, pamoja na kutisha kwake kote.

Kila darasa lazima mtu amtaje mpiga picha Kevin Carter na picha yake ya mtoto mwenye njaa na tai nyuma yake, Ayod, Sudan, 1993, na lazima mjadala uende kwenye swali la kwa nini hakumbeba mtoto. Mimi huwa nauliza kingine. Kwenye fremu ile mwenye hatia ni nani? Ni ndege. Vita haipo, wenye bunduki hawapo, na hata kituo cha kugawa chakula kilichokuwa jirani hakipo. Ilichapishwa, ikapata tuzo ya Pulitzer 1994, ikaliza dunia, na anayeonekana kama muuaji ni kiumbe ambacho hakikumnyima mtu chakula.

Mtu atanipinga na Mohamed Amin, yule mpiga picha Mkenya aliyeanzisha kampuni ya Camerapix hapa hapa nchini, Dar, mwaka 1963, na picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, 1984. Zile zilikuwa za miili, na zilileta msaada ambao haukuwa umekuja. Ni kweli kabisa. Lakini angalia kilichohitajika pale, chakula na dawa, na picha ya mwenye njaa inaomba hicho hicho. Kijana anayepigwa sokoni haombi msaada wa watu wa Ulaya, anahitaji wale walio juu yake waache, na baadaye waulizwe. Ndiyo maana nasema kabla hujabonyeza ujue picha yako inaomba nini na kwa nani.

Kwenye hili Jamaa alianza vibaya na akamaliza vizuri, ila sababu ya kumaliza vizuri ilikuwa ya kifundi tu, chupa haikuonekana kutoka juu. Siyo mbaya. Maadili mengi kazini yanaanza hivyo, unasogea kwa sababu ya fremu ndipo unajikuta umesimama mahali sahihi.

Je, alitakiwa aingilie? Alipiga simu mapema na hilo ni kuingilia. Kuruka katikati mikono mitupu mimi sifundishi mtu afanye hivyo, na nina sababu. Julai 12, 1993 kule Mogadishu, wanahabari Dan Eldon, Hos Maina, Anthony Macharia na Hansi Krauss walienda kupiga picha baada ya shambulio la anga, kundi la watu wenye uchungu likawageukia likawaua. Kamera haikuwakinga. Ile flashi ya sokoni ingeweza kabisa kuleta matokeo kama hayo, na tusijidanganye kwamba kamera ni ngao kwa kuwa siku hiyo ilifanya kazi, kama kweli ilifanya kazi.

Suala la sura. Mhariri alikuwa sahihi kuzififisha gazetini, na hoja yake ya kundi la pili kulipiza kwa kundi la kwanza ni hoja ya mtu anayeijua mitaa. Ila kufifisha kwenyewe tunakuamini mno. Sweta limetufundisha, mtu wa nyumbani hahitaji sura, anakujua kwa kovu, kwa viraka, kwa namna unavyokaa. Ukitaka kweli kumsitiri aliyeumizwa kata fremu upya au usiitumie.

Duka la kompyuta sina mengi ya kusema, kadi yenye picha za mtu anayeuawa haiachwi kaunta. Klabu yetu ya waandishi sasa ina laptop moja ya kufanyia kazi hiyo, na kila korespondenti anaonyeshwa jinsi ya kurejesha picha mwenyewe na kuweka saa ya kamera sawa, kazi ya dakika mbili ambayo ingewapunguzia wapelelezi na mhariri usumbufu mkubwa.

Kilichobaki ni kuwapa polisi picha, na hapo hatujakubaliana mpaka leo. Mwaka 2002 mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani, kwenye rufaa ya mwandishi Jonathan Randal, ilisema mwandishi wa vita asilazimishwe kutoa ushahidi isipokuwa ushahidi wenyewe unagusa moja kwa moja kiini cha kesi na hauwezi kupatikana kwingine. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi ule, ila maswali hayo mawili ni mazuri na mhariri aliyatumia bila hata kujua yametoka wapi. Sura za wale watu hazikuwa kwingine. Video za simu zilikuwepo lakini zote zilikuwa zimeelekezwa kwa kijana aliyelala chini. Kwa hiyo akatoa, akaweka jina la ofisi mbele ili Jamaa asionekane.

Nusu ya klabu inasema alifanya sawa. Nusu nyingine inasema barua iwe ya ofisi au isiwe, flashi iliwaka mbele ya watu wote na kila mtu pale anajua kamera ilikuwa ya nani, na Jamaa bado anahitaji soko lile lile kwa stori zake za viazi. Mwenyewe ameshalipwa kwa picha moja iliyotoka, bei ya kawaida. Bodaboda wa kijiwe kile hawambebi tena, anatembea kwa mguu mpaka barabarani.